Nilipiga Kigelegele Asisikike

Mimi ndiye niliyekosa. Sheikh hakukosa, mashahidi hawakukosa, na kaka yangu, pamoja na ubaya wake wote, alijua nusu tu. Waliojua yote walikuwa wawili, mimi na Mishi, na Mishi alizibwa mdomo kwa kiganja hiki hiki ninachoandikia.

Nakueleza wewe unayesoma kwa sababu hunijui nami sikujui. Ukimaliza, nitukane ukitaka. Nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha, tusi lako halitapita langu.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Kule Bongwe, miaka ile ya karibu na Uhuru, hapakuwa na harusi ambayo sikuitwa. Wala siitiwi mapishi, maana wali wangu hutoka bokoboko. Naitiwa vigelegele! Nikipiga kimoja, hata anayepita barabara ya Ukunda anajua kwamba nikaha imeshafungwa. Wallahi nilijisikia. Mwanamke niliyeachika mara mbili, sina mtoto, sina nyumba, nakaa chumba cha uani kwa kaka yangu, lakini siku ya harusi wenye harusi wananitafuta mimi.

Huyo kaka ndiye aliyekuwa amebaki. Kaka yetu mkubwa alikuwa ameshafariki na mkewe akamfuata, wakaacha mabinti wawili, Mishi na mdogo wake Riziki. Mishi nilimlea mimi. Nilimfundisha kusuka makuti, na homa ikimpata alilala kifuani pangu. Mchana aliniita shangazi, lakini akishtuka usingizini aliita mama, na mimi ndiye niliyeitika.

Shamba tulilokaa halikuwa letu. Watu wa huku watanielewa. Mwenye shamba alikuwa tajiri wa mbali ambaye hatukuwahi kumwona kwa macho. Tuliyemwona ni msimamizi wake. Huyo ndiye aliyesema nani akae na nani ahame. Mihogo na kunde tuliruhusiwa kulima, lakini mti wa kudumu, mnazi au mkorosho, hukuthubutu kuupanda, usije ukasema ardhi ni yako.

Na mwaka ule, miezi michache kabla bendera haijapandishwa, tulikuwa roho juu. Leo tunasikia mashamba yatagawiwa wananchi. Kesho tunasikia wenye mashamba watatufukuza sote kabla hayajagawiwa. Kila gari likisimama njiani, moyo paa!

Ndipo msimamizi akaleta posa. Anamtaka Mishi.

Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi. Mke wake wa kwanza alikuwa amemkimbia, na Bongwe nzima walijua alichokimbia, kwa sababu alipita mchana akiwa amevimba uso.

Kaka alikubali kabla chai haijapoa kikombeni. Mishi alikuwa na miaka kumi na sita. Alipoambiwa hakulia, alinijia jikoni, akachutama karibu yangu.

"Shangazi, mimi simtaki yule. Utawaambia?"

"Nenda kachote maji kwanza," nikamwambia. "Tutazungumza."

Hatukuzungumza.

Sasa nielezee desturi yetu, maana kosa langu limo humo. Binti ambaye babake amekufa na anaozwa na ami yake, sheikh hafungi nikaha mpaka aulizwe mwenyewe. Anaulizwa ndani, nyuma ya pazia, na mwanamke wa kwao anayeaminika, na mashahidi wawili wanasimama upande wa pili wakisikiliza. Akisema ndiyo, vyema. Akinyamaza, husemwa kaona haya, nayo ni ridhaa. Lakini akisema hapana, basi! Hakuna harusi, hata kama wali umeshapakuliwa na wageni wameshanawa mikono.

Mwanamke aliyetumwa kwenda kumuuliza Mishi alikuwa mimi.

Kaka alinishika mkono mlangoni. "Dada, unajua tunakaa hapa kwa ihsani ya nani. Ingia, na utoke na jibu la kutustahi."

Nikaingia. Mishi alikuwa amekaa kitandani, mikono ina hina mpaka kwenye viwiko, leso imemfunika kichwa. Nikauliza kwa sauti, kama inavyotakiwa, mashahidi wasikie: "Mishi, ami yako anataka kukuoza kwa bwana huyu. Umeridhia?"

Akainua uso. "Sitaki," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini alisema. Kisha akavuta pumzi, nami nikajua anaivuta ili aseme kwa nguvu, wasikie upande wa pili.

Nikamziba mdomo! Nilijitia kumkumbatia, kama shangazi anayembembeleza bibi harusi, nikamgandamiza kiganja mdomoni, nikageuza shingo upande wa pazia na kupiga kigelegele. Wanawake waliokuwa ukumbini waliposikia changu wakaitikia kwa vyao. Nyumba ikatetemeka kwa furaha!

"Kanyamaza!" nikapaza sauti. "Mwana kaona haya, kanyamaza! Ameridhia!"

"Alhamdulillahi," shahidi mmoja akaitika, nikasikia viatu vyao vikienda kwa sheikh.

Chini ya kiganja changu Mishi alikuwa bado anasema. Nilikuwa naihisi midomo yake ikigonga ngozi yangu. Sitaki, sitaki, sitaki. Nami napiga cha pili, napiga cha tatu. Ole wangu!

Utaniuliza nilikuwa nafikiri nini. Nilijiambia atazoea, mbona mimi nilizoea. Uongo mtupu! Mimi sikuzoea, mimi niliachwa, na talaka zote mbili nilizipokea kama mgonjwa aliyepata nafuu. Lakini siku ile nilikumbuka chumba changu cha uani tu.

Siku ya Uhuru tulikusanyika uwanjani, watoto wa skuli wana vibendera, ngoma zinalia. Wanawake wakanisukuma mbele. "Haya, dada, hii ndiyo siku yako! Tupigie!" Nikafungua mdomo, na hapohapo nikamwona msimamizi amekaa kwenye viti vya wakubwa, anapepea kibendera chake, peke yake. Mishi alikuwa amefungiwa nyumbani kwa kufuli la nje. Kigelegele hakikutoka. Nilikohoa tu, wakacheka, wakasema sauti imekwisha kwa harusi za watu.

Tangu siku hiyo sijapiga tena.

Kaka yeye alipata ruhusa ya kupanda minazi. Alikuwa akiimwagilia mwenyewe kila asubuhi, akijisifu kwa wapita njia kwamba sisi sasa ni watu wa hapa. Mimi nilikuwa nikipita pale nainamisha macho. Kila mche ulivyochipua nilimwona Mishi.

Alikuja mwaka uliofuata, mtoto mgongoni. Niliposema naye aligeuza kichwa ndipo anisikie. Nikamuuliza ana nini.

"Huku hakusikii tena," akasema, akigusa sikio la kushoto. "Alinipiga kwa mpini wa jembe. Shangazi, nifiche. Hata kwenye ghala la makuti nitakaa."

Nikamkanda, nikampa uji. Nilikuwa nataka kumficha, Mungu ni shahidi wangu. Lakini alasiri kaka akamwona mtoto anatambaa uani, akaniita pembeni. "Unataka tulale barabarani? Mrudishe kabla ya magharibi. Wewe unayejua kumbembeleza."

Nikambembeleza. Nikamwambia wanaume wote wana hasira, usimjibu, mwekee maji ya kuoga mapema. Nikamrudisha mimi mwenyewe, mtoto nimembeba mimi, mpaka kizingitini. Msimamizi akanishukuru kwa adabu zote, akafunga mlango. Nikasimama pale nje nikisikia kufuli linavyoingia.

Jamani, mara ya kwanza naweza kusema nilishikwa na pupa ya dakika moja. Ile ya kumrudisha nilikwenda nayo njia nzima kwa miguu yangu!

Baadaye gumbaru ikafika kwetu, masomo ya watu wazima. Alasiri kina mama tulikaa kwenye mikeka ya madrasa, tukafundishwa kusoma na Mwalimu Zuhura, mjane kijana kutoka Msambweni. Ninavyoandika hivi ni kwa kazi ya mikono yake. Lakini masomo yakiisha, ndipo kazi yake nyingine inaanza. Wanawake waliopigwa, wasichana walioozwa kwa nguvu, wote wanamwendea. Anawaandikia barua kwa kadhi, anawapa pa kulala, anakwenda nao mpaka mahakamani na kukaa nao kwenye benchi mpaka waitwe. Wanaume walimwita mvunja nyumba. Alisikia, akaendelea na barua zake.

Mishi alipokimbia mara ya pili hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Zuhura.

Siku ya pili mwalimu akanijia uani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. "Mama, kupigwa kwa Mishi hatuna wa kukuthibitisha. Majirani zake wote wanakaa kwenye shamba la yule bwana, na hakuna atakayefungua mdomo. Lakini Mishi anasema hakuridhia kuolewa, na aliyemsikia ni mmoja tu. Ni wewe. Ukisema kweli mbele ya kadhi, ndoa ile haina mguu wa kusimamia."

Hakunilaumu, hakupandisha sauti. Alisimama tu, ameshika begi lake la vitabu, akinisubiri.

"Nitakuja," nikasema. Na nilikuwa namaanisha.

Ukuta wa chumba changu ulikuwa wa udongo, kaka alisikia kila kitu. Mwalimu alipoondoka tu akaingia. Nilidhani atanipiga. Hakunipiga, alikaa chini, akaanza kusema pole pole, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Dada, ukisema ulidanganya, mimi na wanangu tunafukuzwa, na minazi inabaki. Mtoto wa Mishi, watu watamwita nani, ikiwa ndoa haikuwa ndoa? Na wewe, mwanamke aliyedanganya sheikh, nani atakupa chumba? Fikiri. Mimi sikulazimishi."

Hakunilazimisha! Kila mlango niliougusa alikuwa ameshaufunga, kisha ananiambia niko huru kutoka.

Tulikwenda kwa kadhi Kwale. Mishi upande ule na Mwalimu Zuhura, mtoto mapajani. Msimamizi na kaka upande huu. Msimamizi akasema ndoa yake ni halali, aliyemuuliza binti yuko hapa, aulizwe.

Nikala yamini, mkono juu ya msahafu.

"Bibi," kadhi akasema, "wewe ndiye uliyetumwa ndani. Binti alijibu nini?"

Mishi alikuwa amegeuza kichwa, ameniwekea sikio lake la kulia, linalosikia. Alikuwa na matumaini! Hicho ndicho kinachoniua mpaka leo. Baada ya yote niliyomtendea, bado alidhani nitasema.

"Alinyamaza, sheikh," nikasema.

Kadhi akaandika. Ndoa ikasimama, mke akaamriwa kurudi kwa mumewe. Mishi hakulia wala hakunitukana. Alimfunga mtoto mgongoni, akamfuata bwanake nje.

Kesho yake nilikwenda darasani kwa sababu sikujua pa kwenda. Mwalimu Zuhura aliandika herufi ubaoni, akaniita nisome kama kawaida, na nilipokosea akanisahihisha kwa upole. Afadhali angenizaba kibao mbele ya wenzangu.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kufungwa bila kufuli. Natembea Bongwe nzima, nakwenda Diani kwenye kusuka makuti, narudi, hakuna anayenizuia, na sina pa kupumulia. Nikila nakula cha Mishi, nikilala nalala pa Mishi. Miaka ikapita hivyo. Mishi akazaa wa pili. Minazi ya kaka ikawa mirefu kunipita kichwa.

Kisha msimamizi akaleta posa nyingine. Ndugu yake mdogo anamtaka Riziki.

Yarabi! Nilidhani kaka atasita safari hii. Alipiga hesabu ya minazi yake, akakubali. Na siku ya siku, mashahidi wamesimama, sheikh ni yule yule, kaka akanishika mkono pale pale mlangoni. Hakuhitaji hata kusema.

Nikaingia. Riziki amekaa kitandani, hina mpaka kwenye viwiko kama dada yake. Aliponiona, kabla sijasema neno, kabla sijamfikia, alipandisha kiganja chake mwenyewe akajiziba mdomo.

Kumbe Mishi alikuwa amemweleza! Mtoto alikuwa ananipunguzia kazi.

Nikakaa chini kwenye sakafu, mbele yake. Nje wanawake walikuwa kimya, wananisubiri mimi nianze. Nikamshika ule mkono, nikautoa mdomoni, nikaushikilia mapajani pake usirudi.

"Riziki," nikauliza kwa sauti, "umeridhia kuolewa?" Akanitazama tu. "Sema, mwanangu. Sema kwa nguvu, na mimi sitakugusa."

"Sitaki."

"Hawajasikia."

"Sitaki! Sitaki mimi! Sitaki!"

Walisikia mpaka waliokuwa barabarani. Nikatoka nyuma ya pazia, nikasimama mbele ya mashahidi. "Mmesikia wenyewe. Amekataa." Sheikh akafunga kitabu chake, akavaa viatu, akaenda zake, na wali ukabaki kwenye masinia.

Usidhani nakueleza ushujaa. Ngoja.

Wiki haikuisha, msimamizi akaleta watu wenye mapanga, wakakata minazi ya kaka yote, sisi tunatazama. Tukahama na vyombo vyetu vichwani mpaka Mkongani, kwa jamaa aliyetupa kipande cha kulima. Kaka hasemi nami mpaka leo. Nikimpelekea chakula anakipokea kwa mkono wa mwanawe. Riziki ninalala naye chumba kimoja, anasoma gumbaru nami, na ananizidi.

Sasa nilikuwa sina cha kupoteza tena, nikasema nitakwenda kumtoa Mishi. Mwalimu Zuhura akanisindikiza Kwale. Nikamweleza kadhi kila kitu, kiganja, kigelegele, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kitabu chake cha zamani akatafuta ukurasa.

"Bibi, ulikula yamini hapa hapa, mkono juu ya msahafu. Leo unataka kula nyingine. Nishike ipi?"

Akakifunga kitabu, tukarudi. Mwalimu Zuhura bado anahangaika, anawatafuta wenzetu wengine ambao nao walifukuzwa shambani baada yetu, labda sasa watathubutu kusema walivyokuwa wakisikia kelele za mwanamke. Lakini ushahidi wangu, ule ambao ungemfungua Mishi kwa neno moja, niliuharibu mwenyewe, na kuutengeneza siwezi.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, saa ambazo mumewe yuko shambani. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapepeta mchele, watoto wanacheza karibu yake. Nikakaa upande wake wa kulia. Nikamweleza ya Riziki, jinsi alivyojiziba mdomo, jinsi nilivyoutoa mkono wake, jinsi alivyopiga ukelele na nikaha ikavunjika. Nilisema mbio mbio. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka anisamehe, labda nilitaka tu aniangalie.

Mishi aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Kumbe ulikuwa unaweza, shangazi," akasema.

Basi. Akainuka, akaenda kuteka maji ya kuoga ya mumewe, maana mimi ndiye niliyemfundisha ayaweke mapema.

Wewe unayesoma, huenda kesho au mwezi ujao utatumwa nyuma ya pazia, kwa sababu unaaminika kwenu. Nakusihi usiingie na jibu la wenye harusi. Muulize binti, kisha funga mdomo wako usikilize. Akisema hataki, toka ukaseme hataki, mara hiyo ya kwanza unapoulizwa. Ya pili nimeijaribu mimi, na Mishi bado yuko kule.